Mdomo wa Tabo

Nafanya kazi Geita, kwenye karakana ya mitambo, na kazi yangu ni kupima: nasema kama kipuri kimelika kiasi cha kutupwa au bado kinafaa. Kwetu ni Kishapu. Geita sina ndugu. Zipo siku za mapumziko ambazo sauti yangu mwenyewe huisikia kwa mara ya kwanza nikinunua mkate. Ndiyo maana chama cha mbio za magari ya zamani kiliponiomba niwe mkaguzi wao, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Kanuni zenyewe si ngumu. Kila aina ya gari ina karatasi zilizoidhinishwa enzi zake, zinazotaja vipuri vilivyoruhusiwa. Gari lenye tabo, ile konokono ya chuma inayosukuma hewa kwenye injini, hukaguliwa zaidi. Ujazo wa injini yake huzidishwa kwenye hesabu, ili lipangwe na magari ya nguvu zake. Na tabo iwe ile ile ya kwenye karatasi, mdomo usizidi hata unene wa ukucha.

Mtu wangu wa karibu alikuwa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vipuri Shinyanga mjini. Alizaliwa hapo hapo, na hunitangulia kwa "Mwangaluka" ya Kisukuma kabla sijamwamkia. Jumapili nilizofika mjini nilikula kwao. Alikuwa na gari la marehemu kaka yake, aliyeshinda nalo mbio nyingi ujanani. Alilifufua kwa miaka miwili: breki, mabomba, nyaya. Tabo hakuigusa. Alisema hakuna mkono mwingine uliofungua boliti zile tangu kaka yake azikaze.

Siku ya mashindano, kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena, nilichomoa bomba la hewa nikaingiza kipimo mdomoni. Nilipima mara tatu. Kibao cha nje kilikuwa na namba sahihi, lakini ndani palichongwa, ikawekwa feni kubwa zaidi. Alama za mchongo zilikuwa zimefunikwa na uchafu wa miaka.

Mzee alikuwa amesimama kando yangu. Nikamwambia mdomo umezidi.

"Umechongwa lini?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. "Zamani, mzee. Kabla boliti hazijashika kutu."

Alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Nilimwona akielewa kwamba ushindi wote ule wa kaka yake ulitokana na mdomo huo. Kisha akaniomba jambo moja: niandike kwamba gari limekataliwa, lakini nisitaje ni kazi ya lini. Niliandika kwamba tabo hailingani na karatasi. Fomu haikudai zaidi.

Gari likapakiwa kwenye lori. Wenzake walisema nimekula chakula chake miaka yote, kisha nimemwaibisha mbele za watu. Sikuwajibu, maana jibu lingemfikia marehemu.

Jumapili zikapita. Siku moja nilikwenda dukani. Aliitikia marahaba, akaingia stoo kutafuta kitu ambacho hakuna aliyekiulizia. Nilisubiri kidogo, nikaondoka.

Baadaye alipata tabo sahihi. Mashindano yaliyofuata nilimwomba mkaguzi mwingine alishughulikie gari lake. Lilipita. Nilikaa kwenye meza yangu upande wa pili wa uwanja, nikalitazama likimaliza la pili kutoka mwisho.

Kesho yake alinipigia simu. Alieleza kwa kirefu jinsi oili ilivyochemka, nami nikamshauri. Kisha akasema, "Watu walikusema vibaya kwa ajili yetu."

"Yamekwisha, mzee."

Akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Kula, binti."

Akakata simu. Tangu siku hiyo hunipigia mara moja moja, na mazungumzo yetu ni ya injini tu. Nyumbani kwake hajanialika tena, nami sijamuuliza.