Vitambaa Vilivyobaki Kwenye Kamba

Siku ndugu wa mume wake walipokuja kubeba vitu, Yusta alikuwa amefua vitambaa vya makochi na kuvianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Ndiyo maana vilibaki. Walibeba makochi, kabati la vyombo, meza na televisheni. Kitanda walikifungua kwa spana za marehemu mwenyewe, kisha na spana wakaondoka nazo. Aliyesimamia ni shemeji yake, Zabron, kaka mkubwa wa marehemu Ambrosi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule juu Kihesa. Alisema mali ya ukoo inarudi kwenye ukoo. Aliyasema kwa upole. Watu wanaochukua huwa wapole sana.

Nyumba haikubebeka, na kiwanja kilikuwa kwa jina la Yusta. Jioni ile alibaki amesimama sebuleni na binti yake Bertha, sauti zao zikirudi kutoka ukutani kama za watu wengine. Pale lilipokuwa kabati, ukuta ulikuwa na umbo la kabati: mstatili mweupe, msafi, katikati ya rangi iliyofifia kwa moshi na miaka. Yusta aliutazama muda mrefu. Halafu akatoka nje kuanua vitambaa, maana umande wa Iringa haumsubiri mwenye majonzi.

Vilikuwa vitambaa vya uzi mweupe, alivyovifuma mwenyewe kwa sindano ya ndoano miaka ya mwanzo ya ndoa, wakati Ambrosi akichelewa kurudi kutoka barabarani. Ambrosi alikuwa fundi pancha hapa Ipogolo, bondeni, ambapo malori ya Mbeya na Tunduma hupumua kabla ya kuendelea na safari. Kila kitambaa kilikuwa na ua katikati na ncha kama majani pembeni, kimepimwa kwa kochi lake. Sasa vilikuwa nguo za watu waliohama. Yusta alivikunja, akavitia kwenye mfuko, akaufunga.

Kwa mwaka na zaidi walikaa juu ya mikeka na ndoo zilizofunikwa. Wageni wakija, Yusta hakueleza kitu wala kuomba radhi. Alimwonyesha mgeni ndoo iliyo imara, yeye akakaa kwenye iliyopasuka.

Kisha Bertha akapata mchumba. Kijana alikuwa wa Rujewa, kwenye mashine za kukoboa mpunga, na kwao wakatuma salamu kwamba Jumamosi ya baada ya Pasaka mshenga angekuja kubisha hodi na jembe, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo Zabron alipokumbuka njia ya kushuka Ipogolo.

Aliitisha kikao cha ukoo. Hoja yake ilikuwa fupi: mgeni hapokelewi akiwa amesimama, na nyumba ya Yusta haina hata kiti. Kwa hiyo jembe lipokelewe Kihesa, kwake, kwenye makochi. Hakusema ni makochi ya nani. Kila aliyekuwepo alielewa maana yake. Nyumba inayopokea jembe ndiyo inayoitwa ya wazazi. Jembe likipokelewa Kihesa, Bertha angeolewa kutoka Kihesa kama binti wa Zabron, na mama yake angekaa jikoni pamoja na wapishi.

Yusta alisema Bertha alizaliwa Ipogolo na ataombwa Ipogolo.

"Wataketi wapi, shemeji?" Zabron aliuliza. "Kwenye ndoo?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuangalia chini. Aliyekata maneno ni shangazi Severina, dada wa baba yao akina Zabron, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, asiyempenda Yusta hasa wala asiyempenda Zabron hasa. Alisema yeye haoni shida kati ya Kihesa na Ipogolo, kote kuna vumbi. Ila siku hiyo atakuwepo, na anataka kiti ambacho akikaa ataweza kuinuka bila kuvutwa kama ng'ombe aliyezama matopeni. Angetangulia kufika Ipogolo asubuhi. Akikuta viti vya namna hiyo, jembe litapokelewa pale. Asipovikuta, wote watapanda Kihesa.

Zabron alikubali haraka. Alikuwa anajua bei ya viti, na alikuwa anajua Yusta anaishi kwa genge la mboga.

Usiku Bertha alimwambia mama yake kwamba hana neno, hata wakienda Kihesa, yeye anachotaka ni kuolewa tu. Yusta alimjibu kwamba hata yeye mama yake alikuwa ameshaolewa, na bado wakamkalisha kwenye ndoo. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye lundo la matairi.

Hakuna aliyeyataka yale matairi siku ya kubeba vitu. Ambrosi aliyakusanya kwa miaka mingi akisema yatafaa, kama wasemavyo wanaume juu ya kila kitu wasichotaka kukitupa. Nyasi zilikuwa zimeota katikati yake. Yusta alichagua ya magari madogo, akayasugua kwa sabuni na mchanga wa mtoni mpaka maji yakatoka meupe, akayaegemeza ukutani yakauke. Halafu akalifungua gunia la tyubu kuukuu, zile zenye viraka mpaka viraka vikakosa pa kubandikwa, akaanza kuzikata kwa mkasi kuwa mikanda mirefu.

Kiti cha kwanza kilimwaibisha. Alikuwa amelifunika tairi kwa gunia, akalijaza pumba za mpunga na kushona juu. Akamwita jirani yake Mwanaidi, fundi cherehani, mwanamke wa Kitanga aliyezaliwa Iringa na kubaki na ulimi wa pwani, aje akijaribu. Mwanaidi alikaa kwa heshima zote. Pumba zikahama pembeni, yeye akazama katikati mpaka magoti yakamfikia kidevuni.

"Yusta, shoga yangu," alisema akiwa humo humo, "kama una neno na mimi si ungeniambia tu? Mbona wanitegea mtego wa panya?"

Walicheka mpaka wakashindwa kuinuana. Lakini Mwanaidi alipoondoka, Yusta alikaa karibu na kile kiti na kicheko kikamwisha. Shangazi Severina asingecheka. Angekohoa, angeomba mkono, na mambo yangekwisha palepale.

Jibu lilitoka Kilolo alikozaliwa. Mama yake alikuwa msuka vikapu vya milulu, zile nyasi ngumu za mabondeni, na Yusta alikuwa amekulia chini ya miguu yake akipokezana naye mianzo ya vikapu. Mama alikuwa akisema kikapu hakishikiliwi na nyasi, kinashikiliwa na kuvutana kwake. Yusta hakuwa amesuka tangu aolewe. Alichoma msumari kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu, akatoboa ubavu wa tairi kuzunguka mdomo wake wote, pale pasipo na nyaya. Akapitisha mikanda ya tyubu kutoka upande hadi upande, akiivuta kwa nguvu zake zote, halafu akaisuka ya pili kwa kuikatisha, juu, chini, juu, chini. Mpira ulilia. Vidole vikatoka malengelenge. Alipomaliza, akaweka ngumi katikati na kusukuma kwa uzito wa mwili mzima, na kiti kikamrudisha.

Kikawa bado kifupi. Akalaza tairi la pili chini yake, akayafunga pamoja kwa mikanda ileile, kikafika kimo cha goti. Pumba akazimwaga bandani kwa kuku. Juu ya wavu wa mpira akaweka mto mwembamba wa maganda makavu ya mahindi, yaliyochambuliwa nyuzinyuzi kwa uma, na pembeni akalizungushia tairi kamba nene ya matambara. Matambara yalitoka kwa Mwanaidi, masalio ya sare za shule na vitenge, Bertha akiyasuka kama anayesuka nywele. Mwanzo Bertha aliifanya kazi hiyo kwa uso wa mtu anayetumwa. Baadaye akaanza kuchagua rangi, na kukataa rangi alizochagua mama yake.

Kuta walizipaka kwa udongo. Mwekundu waliuchimba kwenye kingo za barabara, mweupe ukatoka mtoni, wakauchekecha kwa chandarua kilichochakaa na kuukoroga na uji wa unga wa ngano na chumvi kidogo ili ushike. Sebule ikawa na joto la chungu kipya. Lakini walipofika kwenye ule mstatili wa kabati, Yusta alimzuia Bertha asipitishe brashi. Alichukua udongo mweupe, akauzungushia ule mstatili mchoro wa ncha kama majani, uleule wa vitambaa vyake. Katikati akaacha vilevile. Ikawa kama picha kubwa iliyowekwa fremu, ya kitu ambacho hakipo.

"Watu watauliza, mama," Bertha alisema.

"Waulize."

Siku ya mwisho aliufungua ule mfuko. Alivifua vitambaa upya, akavitia wanga, akavitandaza juu ya viti. Vilikuwa vipana kidogo, vikaning'inia kwa pembeni na kufunika mpira mweusi. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama. Hakulia. Alikwenda kuloweka maharage.

Jumamosi shangazi Severina alifika mapema, akihema, na wingu la mvua nyuma yake. Alikataa chai. Alikizunguka kiti kimoja, akakipiga kwa fimbo, kisha akajiachia mzima mzima kama anayetaka kivunjike. Kiti kiliinama, kikampokea, kikanyamaza. Alikaa pale akiitazama fremu iliyo ukutani. Hatimaye akajisukuma mbele, na ule mpira ukamwinua mpaka akasimama kabla hajaamua vizuri kusimama.

"Eeh," alisema. Akakaa tena. "Leta hiyo chai."

Nje kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilikuwa kinapiga honi. Zabron alikuwa amekuja na makochi, yaleyale, yamepangwa nyuma ya kirikuu na kufungwa kamba, na yeye ndani ya gari amevaa suti. Alimweleza Yusta mlangoni kwamba amefikiri sana, si vizuri ukoo kuaibika mbele ya Wasangu wa Rujewa, kwa hiyo amemletea viti kwa siku ya leo. Wakishaondoka wageni atavirudisha Kihesa. Na kwa kuwa viti ni vyake, yeye ndiye ataongea na mshenga. Aliyasema hayo akiwa tayari amemwashiria dereva afungue kamba.

Yusta hakubanduka mlangoni. Alimwambia dereva asijisumbue.

"Shemeji, usilete kiburi leo," Zabron alisema kwa sauti ya chini. "Leo ni siku ya mtoto."

"Ndiyo. Wangu."

Kutoka ndani sauti ya shangazi Severina ilitoka kwa uvivu. Alisema kuna baridi, anayeingia aingie, anayepanda Kihesa apande, yeye ameshakaa na hainuki tena.

Zabron aliingia. Angefanya nini? Wageni walikuwa wameshaonekana barabarani, mshenga Ezron mbele, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa, wanawake nyuma yake na magunia ya mchele wa Usangu kichwani. Ilibidi akae kama wengine, na kiti kilichobaki kilikuwa kile kinachoitazama ile fremu.

Ezron alipokaa alijidundisha kidogo. Alisema kwao Rujewa viti havirudishi salamu namna hii, na akaomba wasirushwe nje kabla hawajasema shida yao. Watu wakacheka, safari hii bila kuangalia chini. Akanyanyua pembe ya kitambaa, akaona tairi, akakirudisha kitambaa mahali pake kwa uangalifu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akaliweka jembe sakafuni.

Jembe likishawekwa chini hakuna anayeinuka. Ndivyo ilivyo. Anakaa mkubwa na mdogo, mpaka binti aitwe, aulizwe, aliokote mwenyewe. Anayesimama kabla ya hapo amelikataa.

Ezron akauliza wamebisha hodi kwa nani. Zabron akakohoa kusafisha koo. Lakini Yusta alikuwa ameshajibu, bila kupaza sauti, kwamba wamebisha hodi kwa Yusta, mama yake Bertha, mke wa Ambrosi fundi pancha, na kwamba wamekaa juu ya kazi za wote wawili. Shangazi Severina akaitikia, "Hapo hapo." Ikawa imekwisha.

Ndipo mvua ikaanza. Ilianza kwa matone makubwa machache juu ya bati, halafu ikashuka yote kwa pamoja, mvua ya Aprili isiyojua aibu ya mtu. Kila mtu mle ndani alisikia nyingine ya nje, ile inayopiga kitambaa kinene cha makochi. Zabron alitazama mlango. Akatazama jembe. Mikono yake ilishika kingo za tairi, na kiti, kwa tabia yake, kikawa tayari kumwinua. Ilibidi ajishikilie ili asiinuliwe.

Bertha aliitwa. Alipita mbele ya mama yake, na Yusta akamnong'oneza kwamba asiwe na haraka. Bertha hakuwa na haraka. Alipiga magoti, akasalimia wageni mmoja mmoja, "Kamwene, kamwene," akaulizwa kama anamfahamu kijana, akafikiri, akaulizwa tena. Mvua ikaendelea. Mwishoni akaliokota jembe, akamkabidhi mama yake, na vigelegele vikaizidi mvua.

Zabron alikuwa wa kwanza kutoka. Yusta alimkuta chini ya upenu, suti imelowa mabega, akiyatazama makochi yaliyokuwa yakichuruzika maji kama nguo zisizokamuliwa. Yusta alikuwa na turubai mkononi, alilolishona mwenyewe kwa viroba vya unga, pindo zake zimefumwa kwa kamba. Akampa.

"Yafunike," alimwambia. "Ila hilo ni la kuazima, shemeji. Utalirudisha."