Uzi wa Shilingi Mia Tano

Jamani, habari hii nilikuwa nimeapa kufa nayo, lakini kwa vile Koboko nzima inaijua, na kwetu Manibe wanaihadithia vibaya (eti nililia, sikulia, ulikuwa ni unga machoni), afadhali muisikie kwangu mwenyewe, mcheke mara moja, yaishe.

Mnanijua. Mimi ndiye Mama Letaru, yule ambaye wanawake wa Manibe wakimwona anakuja wanaficha soda, maana nitauliza imenunuliwa ya nini na maji yapo. Tangu nilipoenda Arua mjini kwenye mafunzo ya siku tatu ya kuweka akiba, nikarudi na cheti na kalamu, watu wananiita Profesa, na mimi naitika. Ni mimi niliyeandika sheria za kikundi chetu: sanduku la bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa wanawake watatu, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Kufuli haikatwi, hata iweje. Na sheria ya nne: anayechelewesha ufunguo, faini elfu ishirini. Siku ya kuisoma hiyo ya nne nilimtazama kila mtu machoni, mmoja mmoja, kwa sababu sikudhani hata siku moja itanihusu.

Ufunguo wa tatu nilikuwa nao mimi, umefungwa kiunoni kwa uzi. Sasa Jumatano ya wiki ile uzi ukakatika. Uzi mpya sokoni ni shilingi mia tano. Mtu mwenye akili za kawaida angenunua. Mimi Profesa nikajiambia mia tano ni mia tano, haba na haba hujaza kibaba, uzi nitaokota mahali, na kwa sasa ufunguo nikauzamisha katikati ya kigunia cha unga wa muhogo jikoni, mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria wala mume hawezi kutazama. Nikajisifu mwenyewe pale jikoni, kwa sauti.

Basi, Jumamosi ikafika, na haikuwa Jumamosi ya mchezo. Mwaka mzima tulikuwa tumejinyima ili tununue mashine ya kusaga muhogo, tuache kupanga foleni kwenye mashine za watu na kuwaachia faida. Mzee mmoja wa Koboko mjini alikuwa anauza yake, anahamia kwa watoto wake, na alikuwa ametuambia wazi kwenye simu: "Saa kumi mutu ya kutoka soko ya Inde anakuja na pesa mkononi. Mukichelewa, mimi nauza." Asubuhi tumekaa barazani kwa kanisa, kufuli ya kwanza imefunguka, ya pili imefunguka, macho yote yakanigeukia. Nikasema nakuja sasa hivi, nikakimbia nyumbani, nikaingia jikoni. Kigunia hakuna.

"Baba Letaru! Unga iko wapi?"

Mume wangu akanijibu kwa furaha, maskini wa Mungu. "Si dada yangu alipita jana kwenda kuona mtoto? Nilimupa apeleke. Mutu haendi kwa wakwe mikono mitupu."

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wetu. Binti yetu Letaru ameolewa Abuku, huko huko Koboko, kwa Wakakwa, na alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma. Na mjue, kwetu mama wa mke hajiendei tu kwa wakwe. Anangoja aitwe, siku ipangwe, aende na watu wake na vitu vyake. Mimi sikuwa nimeitwa. Kuingia bila kuitwa ni aibu. Kuingia bila kuitwa, tena kudai zawadi uliyotuma jana, hiyo aibu haina hata jina.

Nikarudi kanisani miguu mizito, nikawaeleza, na (Mungu anisamehe) nikapendekeza tukate kufuli. Mwenyekiti wetu, Mama Drici, ni mwanamke wa maneno machache.

"Sheria inasema nini, Profesa?"

"Kufuli haikatwi."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi twende na sanduku."

Hivyo ndivyo nilivyokodi pikap ya muuza viazi, elfu themanini, kutoka mfukoni mwangu mimi niliyeogopa mia tano, na wanawake saba tukapanda nyuma na sanduku letu, tumelifunika kitenge kipya watu wa njiani wasijue ni nini, sare zetu za kikundi zinapepea. Na wanawake saba wakipanda gari pamoja hawanyamazi, mnajua wenyewe. Tuliingia Abuku tunaimba.

Mama Wani, mama wa mkwe wangu, akatoka nje. Akaniona mimi. Akaona sare. Akaona sanduku limefunikwa kitenge. Akapiga kigelegele kilichowaita majirani wote. "Mama ya Letaru amekuja! Amekuja na sanduku ya mtoto!"

Lo! Viti vikatoka, mikeka ikatoka, kuku akaanza kufukuzwa, mkwe wangu Wani akakimbilia nyuma ya nyumba kwa heshima asikutane nami uso kwa uso, na mzee wao mmoja akasimama na fimbo yake akatoa shukrani. "Sisi tumeona heshima leo. Sanduku kubwa namna hii kwa mtoto mudogo namna ile!" Na mimi, badala ya kusema ukweli hapo hapo, nikapunga mkono. Ndiyo, nilipunga mkono! Kwa dakika moja nilijiona malkia.

Mama Drici akanifinya. "Saa nane hii."

Nikamgeukia Mama Wani. "Mkwe, asante sana. Lakini ile unga tulituma jana, iko bado?"

"Iko. Tulikula kidogo tu. Kwa nini?"

"Naomba niione."

Hata aliyekwisha kumshika kuku akamwachia. Kigunia kikaletwa, nikaingiza mikono miwili mpaka viwiko mbele ya wakwe zangu wote, nikapapasa, hakuna kitu. Nikamimina unga wote mkekani, nikatawanya, nikapiga chafya juu yake. Hakuna kitu.

"Unga yenu iko na nini?" Mama Wani aliuliza, maana alidhani nimekuja kupima wamekula kiasi gani. Nilitamani ardhi inimeze mzima mzima.

"Natafuta ufunguo," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Ah, funguo! Letaru, leta mtoto!"

Binti yangu akatoka na mjukuu wangu, ametoka kuogeshwa, hana nguo hata moja, ila kiunoni ana uzi. Uzi mwekundu, mpya, imara. Na kwenye uzi, ufunguo wangu unang'aa.

"Tuliona hii ndani ya unga," Mama Wani akasema mbele ya wote. "Tukasema, bibi yake ni mutu ya kuweka pesa, mpaka huku tunasikia. Ametuma funguo, mtoto akue na akili kama yeye. Tukanunua uzi muzuri, tukamufunga."

Jamani, mimi kifua kilijaa na uso ukaniwaka kwa wakati mmoja. Nikanyoosha mkono kuufungua uzi, na yule mzee akagonga fimbo chini. "Kitu imefungwa kwa mtoto, aliyeleta haondoi tena."

Wanawake wenzangu wakanitazama. Mashine yetu ya mwaka mzima ilikuwa inaondoka kwenda Inde. Ndipo Mama Drici akasema, "Basi mtoto afungue mwenyewe."

Nikampokea mjukuu wangu kwa mara ya kwanza na mikono yangu ya unga, tukafunua sanduku, nikamshusha taratibu mpaka uzi ukafika, nikazungusha, na kufuli ikaachia. Naye akanikojolea kifua kizima. Vigelegele vya siku ile sijawahi kuvisikia hata harusini. Hapo nikawasimulia yote, tangu uzi kukatika, na yule mzee alicheka mpaka ikabidi aketi.

Saa tisa na nusu tuko kwa mwenye mashine, na yule mtu wa Inde amekwisha kufika, anaikagua. Mzee wa mashine akatuita pembeni. "Mukilipa bila risiti, napunguza elfu hamsini." Wote wakamtazama Profesa, mweupe mpaka viwiko, amelowa kifua. Siku nyingine labda ningeshawishika, lakini siku ile nilikuwa nimeshajua kitu kidogo cha kuokoa kinaweza kukupeleka wapi. "Hapana, baba. Andika risiti." Na watu wa kodi walipokuja baadaye kuuliza mashine ni ya nani na ilinunuliwa lini, karatasi ilitoka sandukuni kabla hawajamaliza swali.

Faini nilitozwa njiani kurudi, juu ya pikap, sikupewa hata nafasi ya kushuka. Ufunguo ulibaki kiunoni kwa mwenyewe, kwa hiyo nikanunua na kufuli mpya, elfu kumi na tano. Pigeni hesabu wenyewe bei ya uzi wangu. Mjukuu sasa Abuku wote wanamwita Mweka Hazina, ana kitabu chake cha akiba, hisa ya kwanza nimemlipia mimi. Na waliponiita rasmi, nilienda na unga wa mashine yetu wenyewe, na Mama Wani, kabla ya kusema asante, akachukua chekecheke akauchekecha wote mbele ya watu.

Nichekeni sana, nina haki ya kuchekwa. Lakini kufuli haikukatwa, na mashine inanguruma Manibe kila asubuhi, na mimi nikiisikia natembea kichwa juu. Jumatatu baada ya Jumamosi ile nilienda sokoni kununua uzi. Nilinunua mbili, na sikuomba kupunguziwa.