Geti la Shuka

Watu wa shirika la amani walituletea uponyaji siku ya Jumamosi, pamoja na soda. Gari lao jeupe liliegeshwa nje ya ukumbi wa kanisa hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi, na kabla hatujaulizwa hata majina tulikuwa tumevishwa fulana za njano zilizoandikwa AMANI kifuani. Yangu ilikuwa kubwa kama gunia. Ya jirani yangu ilimkaa vizuri, na hilo nalo lilinikera.

Jirani huyo ndiye mwenye chumba cha kwanza katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, kile kinachopakana na geti. Kwa desturi yetu, wa chumba cha kwanza ndiye anayeweka ufunguo. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, vijana wenye mapanga walipopita wakiuliza watu ni wa kabila gani, mdogo wangu alifukuzwa mpaka kwenye geti letu. Geti halikufunguliwa. Walimuulia hapo hapo, mchana kweupe. Mimi nilikuwa chumba cha mwisho, nimejikunyata chini ya kitanda na mwanangu mchanga, mawe yakitua juu ya mabati, na sikusikia lolote.

Jirani naye alisema hakusikia lolote. Miaka yote hii amesema hivyo, macho makavu, na miaka yote hii tumeanika nguo kwenye kamba moja. Watu wasiojua kodi ni nini huniuliza kwa nini sikuhama. Sikutaka aniombe msamaha, msamaha wake ningeutupa jalalani. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: akiri kwamba alisikia.

Mwelekezi wetu alikuwa msichana wa upande ule mwingine wa mji, shanga tele shingoni, sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alitupanga duara. Akatuambia tuvue viatu, tufumbe macho, tuwe miti. Basi watu wazima, wenye magoti mabovu na presha, tukasimama tukipepea mikono hewani.

"Sikieni upepo," akasema.

Shosho mmoja, bibi mzee anayeuza sukuma wiki karibu na steji ya matatu, akaninong'oneza, "Huyu mtoto amekula kweli?"

Nilicheka hadi machozi, nikaambiwa kicheko ni dalili ya maumivu. Kwake kila kitu kilikuwa dalili ya maumivu. Ukipiga chafya, maumivu. Ukiomba kwenda chooni, unayakimbia maumivu.

Alipoomba visa vya kuigiza, mtu akamtajia changu. Msichana akang'aa uso kana kwamba amefunguliwa zawadi. Nilimpa kwa ufupi, kama ninavyowapa wote: alitoka kutafuta unga, akarudi, geti halikufunguliwa. Wiki iliyofuata alirudi na mchezo mzima. Humo ndani mdogo wangu alikuwa na hotuba ndefu kuhusu umoja wa taifa. Mdogo wangu, ambaye hotuba yake ndefu kuliko zote ilikuwa "niongeze chai."

Na mwishoni geti linafunguliwa.

"Lakini halikufunguliwa," nikamwambia.

"Tunauandika mwisho upya, mama. Hapo ndipo uponyaji unapoanza."

Nilimwangalia nikajiuliza ni nani aliyewapa watoto hawa ruhusa ya kugusa maiti za watu. Kisha akagawa nafasi. Jirani angekuwa mdogo wangu, nje ya geti. Mimi ningekuwa jirani, ndani, na ufunguo mkononi. Ukiwa yeye utamwelewa, akasema. Nilidhani jirani atakataa. Alikubali upesi, maana kukataa kungesema mengi mbele ya ploti nzima.

Siku ya maonyesho wageni wenye kamera walikaa mbele, sisi wenye wafu wetu tukawa burudani. Geti lilikuwa shuka jeupe lililochorwa nondo kwa makaa na kutundikwa kwenye kamba. Kwa kuwa shuka haligongeki, mzee mmoja aliwekwa pembeni apige debe. Mkononi nilishika ufunguo wa kadibodi, mkubwa kama mwiko. Ningeweza kufa kwa aibu.

Jirani akaja mbio, debe likalia. "Fungua, ndugu yangu! Sisi sote ni Wakenya! Nimetoka tu kutafuta unga!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua. Sikufungua. Nilitaka wageni wale waonje geti lililofungwa, angalau kwa dakika chache, kabla ya soda zao.

"Fungua sasa, mama," mwelekezi akaninong'oneza kutoka pembeni.

Sikufungua. Jirani akarudia maneno yake. Debe likalia tena. Akarudia mara nyingine, kisha maneno ya msichana yakamwishia, na mzee wa debe akachoka akaacha. Nilikiona kivuli cha jirani kwenye shuka, kimeinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Mathe, ni mimi. Unga nimekosa, nimepata tu maziwa. Nifungulie, mathe."

Mathe, yaani mama, ndivyo mdogo wangu alivyokuwa akimwita jirani. Na maziwa hayakuwa kwenye mchezo, wala kinywani mwa mtu yeyote. Niliikuta pakiti ya maziwa ndani ya jaketi la mdogo wangu nilipopewa nguo zake, nzima, haikupasuka. Hakukuwa na chakula kingine nyumbani. Niliyachemsha, mwanangu akanywa, na sikumwambia mtu, hata mama yetu.

"Ulisikia," nikasema.

Shuka likatikisika. "Nilisikia, dadangu. Nilikuwa nimeushika ufunguo. Watoto wangu walikuwa ndani."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni uigizaji. Mwelekezi alilia shanga zikamruka, akatusukuma tukumbatiane, kamera zikapiga. Nilimchukia msichana yule kuliko nilivyomchukia jirani, maana alikuwa amenipa nilichokitaka na wala hakujua. Wakatangaza kwamba tumepona. Kisha wakapakia shuka lao wakaenda.

Jioni ya Jumatatu nilikuta ufunguo wa geti, ule wa chuma, juu ya kigoda mlangoni pangu. Jirani ndiye aliyeuweka, nami sikumrudishia. Kwa hiyo sasa ufunguo wa ploti unakaa chumba cha mwisho, na anayechelewa inabidi agonge kwa nguvu. Jirani huchelewa siku za maombi. Namsikia anapogonga mara ya kwanza, na mara ya pili. Haniiti, wala hasemi ni nani. Huwa ninamfungulia. Lakini siinuki mara moja.