Makala ya Bluu

Mwaka 1949, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mvua ilikataa kabisa kwetu Lusu. Ng'ombe walikwisha, mtama ukakauka haujafika kiunoni. Nikashika njia kwa miguu mpaka Tabora. Shule nilikaa miaka miwili tu, na sioni haya kusema. Kilichonilisha ni mikono hii, si cheti.

Nilipata kazi ya kuosha chupa kwa Mzungu mmoja, mtaalamu wa kemia. Alichunguza mawe na chumvi zilizookotwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji. Aliyeyusha, alichanganya, aligandisha, kisha akaandika. Makala zake zilikwenda Ulaya kwa posta, zikarudi zimechapwa, vijitabu vyembamba. Ukutani alikuwa na orodha ya makala hizo, na kila kijitabu kilipofika aliongeza mstari. Kiingereza sikukijua, lakini makala zile nilizijua kwa rangi ya unga wa kila moja, maana rangi zilibaki vidoleni mwangu. Ya kijani ilitoka kwa sabuni. Ya njano ilinitoboa ngozi, vidonda vidogo vya duara visivyouma wala kupona. Yeye ilimla puani. Orodha ikirefuka, na kikohozi chake kinarefuka. Nyuma ya nyumba, nilipomwaga maji ya kuoshea, majani hayakuota tena.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kila kilichomo chupani kwake kilikuwa na jina moja: dawa. "Lete dawa ya njano." "Usimwage dawa." Nami mtaani Ipuli nikajigamba kwamba nafanya kazi ya dawa.

Dada yangu mkubwa akaja kutoka Lusu na donda mguuni. Siku zile Tabora nzima iliujua mrututu, yale mawe ya bluu yaliyouzwa madukani Mtendeni. Ulisagwa, ukanyunyizwa kwenye donda. Uliwasha kama moto, lakini ulikausha.

"Mdogo wangu unashinda kwenye nyumba ya dawa, mimi naoza," dada akaniambia. "Au wewe ni wa kuosha chupa tu, dawa wanagusa wanaume wenzako?"

Maneno yale yaliniingia. Kesho yake nikachota unga wa bluu kwenye chupa ya mezani, vijiko viwili, nikaufunga kwenye kitambaa. Macho yangu yaliona mrututu. Nilimpaka mwenyewe, asubuhi na jioni. Haukumwasha sana, akacheka: "Mrututu wa Kizungu una adabu!" Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Siku ya tatu akatapika. Wiki haijaisha, nyayo zikafa ganzi, na kiu yake haikukatika hata kwa mtungi mzima. Asubuhi moja ya wiki hiyo bwana aliweka chupa kwenye mizani, akaitoa, akaiweka tena.

"Nani amegusa dawa ya bluu?"

Kusema ni kufukuzwa, labda na jela juu. Kunyamaza ni kumzika dada.

"Mimi, bwana. Nimempaka dada yangu donda."

Akaweka kalamu chini. "Ile si dawa! Ni shaba na sumu ile ya josho la ng'ombe."

"Wewe ndiye unayeiita dawa, bwana."

Josho nalijua. Nilishaona ndama aliyekunywa maji yake, na jinsi alivyokufa.

Alitoa gari, tukampitia dada, tukampeleka hospitali. Dada anakoroma kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Bwana akaniuliza, macho barabarani, "Kitambaa kiko wapi? Kilichobaki nakihitaji. Makala haijaisha."

Nilikuwa nacho mfukoni. Nikampa. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.

Dada alikaa hospitali miezi. Walimkata mguu chini ya goti, akapona. Mimi sikufukuzwa, na hilo lilinitisha kuliko kufukuzwa. Niliosha chupa zilezile mpaka kijitabu kipya kikafika. Bwana alifurahi, akanifunulia nione, akaongeza mstari wake ukutani.

"Dada yangu yuko ukurasa gani?" nikamwuliza.

Akanitazama kama mtu asiyejua Kiswahili. "Hayumo. Hii ni kemia."

"Basi na mimi simo." Nikavua aproni, nikaiacha mezani, nikatoka. Wiki ile nilianza kufyatua matofali, na sikufanya kazi ya mtu tena.

Leo nina nyumba Ipuli, vyumba sita, bati. Nina kisima. Nina tanuri mbili za matofali. Nina ekari nne za mpunga na ng'ombe kumi na mmoja. Nina baiskeli na redio. Nyumba ya pili kiwanjani, ile yenye mlango mpana usio na kizingiti, niliijenga mimi, lakini hati ina jina la dada yangu. Siihesabu.