Chupa za Maji Kwenye Ufa wa Debe

Nilipanga chumba Usagara, pwani ya bara, kwa mama mmoja wa Kipemba, mjane, ambaye miguu ilimvimba hata kibarazani alifika kwa kushika ukuta. Binti yake wa pekee alikuwa Unguja. Mwaka wa nne hawajaonana. Ikaja barua: Idd mosi, alasiri, binti angeonekana kwenye televisheni ya huko akiimba kasida.

Enzi ya Ruksa, ya kununua vitu vya nje bila kuulizwa, ilikuwa imeanza, na jirani alishanunua televisheni ndogo. Alituazima. Antena hakuwa nayo. Mimi shule niliiacha darasa la tano, ila fundi redio mmoja wa Muheza aliwahi kunionyesha kwamba bati lililokatwa ufa mwembamba, likiungwa waya kwenye kingo za ufa, hunasa mawimbi. Bati sikupata. Nilikuwa na debe la mafuta ya kula, nusu limeliwa na kutu, na ufa wake ukawa mfupi mno. Fundi alisema pia kwamba wimbi likikutana na kioo au maji hupunguza mwendo, kama mtu anayevuka tope, na ufa mfupi hufanya kazi ya mrefu. Sikumwamini, ndiyo maana nilijaribu.

Nta ya mishumaa juu ya ufa ilileta vivuli. Vioo vya dirisha vilileta watu wasio na nyuso. Chupa bapa za maji ya bomba, nilipozibana juu ya ufa, zilileta hata meno ya msoma habari.

"Profesa wa debe!" jirani alinitania. "Leo umevua nini hewani, changu au kibua?"

"Mwache mwana wa watu," mama akamjibu. "Akinivulia mwanangu, utakuja kuomba kitoweo."

Siku ya Idd mabomba yalikuwa yamekauka. Nikiwa kwenye sala, wageni walikuja, na mgeni wa Idd hapewi maji ya kisima chetu, yana chumvi. Mama akawanywesha maji ya chupa zangu. Kisha, asiniharibie kazi, akazijaza ya kisima na kuzirudisha palepale.

Alasiri televisheni ikawa chenga tupu, bila sura. Nikakaza waya, nikageuza debe.

"Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Chupa moja ilinimwagikia mdomoni, nikaonja chumvi, nikaelewa wageni walinywa nini. Maji ya chumvi humeza wimbi. Nilipokwisha kurudisha vioo, kasida ilikuwa imepita.

"Wanarudia lini?" mama aliuliza. Nikasema sijui. Habari ya maji sikumwambia.

Alifariki kabla ya mfungo uliofuata. Binti alifika siku ya tatu, tumeshazika.

"Mama aliniona?"

"Alikuona."

Uso ukamchangamka kidogo. "Alisemaje kuhusu ushungi? Nilivaa ule wake wa harusi, nikijua atautambua."

Nikainama kufungua waya wa debe. Akaelewa, akajifunika uso kwa kanga.