Doa Jekundu kwenye Wavu

Mchapaji wa karakana yetu hapa Peenya, mtaa wa viwanda, ana mdomo kama cherehani, mpaka ashike ule mpira wa kusukumia wino. Hapo hujifunga leso mdomoni, maana tone la mate, anasema, linakata njia ya umeme. Huuvuta wino wa fedha, unaopitisha umeme, juu ya wavu wa kuchapia polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, na plastiki iliyo chini hutoka na mistari myembamba kama nyuzi. Unywele ukiangukia kazi yake, jengo zima litajua. "Nani kaleta kichwa chake humu?"

Siku ya kuheshimu zana mashine huzimwa na kuvishwa maua. Mwaka huu mama mwenye karakana, ambaye macho yamepungua nguvu, alipita na unga wake mwekundu akibariki kila kitu, na kidole chake kikatua katikati ya wavu ulioandaliwa kwa vibandiko vya kupimia mapigo ya moyo. Hospitali ilikuwa inavisubiri. Sote tukamgeukia mchapaji. Akainamisha kichwa ili naye apakwe kwenye paji la uso. "Asante, mama. Ulikuwa umebaki huo tu."

Kesho yake nilimkuta akiusugua wavu kwa mswaki, tundu kwa tundu, leso mdomoni. Akachapa kibandiko cha kwanza, kikakauka, akanisogezea nikipime kwa mita ya umeme.

"Kinapitisha?"

"Kinapitisha, kaka."

"Kiache kupitisha kimekuwa nani? Kimebarikiwa hicho."

Akashusha leso kujifuta jasho, akaipitisha shavuni na shingoni, akilikwepa paji la uso, ambako doa la mama lilikuwa bado lipo.