Fundi Sumaku na injini aliyotaka kuizika ikiwa hai

Saa moja asubuhi. Kabla hajagusa spana, Fundi Sumaku ananyanyua beseni la plastiki, analifuta ndani kwa kitambaa cheupe, kisha anamsogezea mwenye gari kitambaa hicho usoni.

"Umeona? Hakuna kitu."

"Nimeona, fundi. Fungua basi, nachelewa kazini."

"Angalia tena."

Mwenye gari anaangalia tena. Mafundi wa jirani wanashika mbavu. "Mwambie alilambe kabisa!" mmoja anapaza sauti.

Fundi Sumaku hajali. Anajilaza chini ya gari, analegeza nati, na oili nyeusi inashuka ndani ya beseni. Hapo ndipo anapotoa mfukoni kile kilichompa jina: sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Anaifunga kwa mfuko wa nailoni, anaichovya kwenye oili na kukoroga taratibu kama anayepoza maziwa ya mtoto.

Gari lililotembea sana, anaeleza, halikosi unga wa chuma. Vyuma vinasuguana humo ndani miaka nenda rudi, lazima vilike.

"Ukiona unga laini wa kijivu, hiyo ni mvi. Mvi haijaua mtu," anasema. "Ukiona vipande vinavyong'aa, vinavyokwaruza kidole, ujue kuna kitu kinatafunwa. Hapo mwite mwenye gari, ila mwambie akae kwanza."

Kazi hii alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akimchapa kibao cha kisogo kila alipomwaga oili bila kuitazama. Kwa zaidi ya miaka ishirini amelisha familia kwa spana na hiyo sumaku. Siku nzuri anapata magari manne. Siku mbaya anapata watu wa kuuliza bei na kuondoka. Lakini waliomjua walimwamini. Akisema injini ni nzima, walilala usingizi. Akikunja uso, walianza kuwapigia simu ndugu.

Ndipo akaja Bibi Gia.

Bibi Gia ni mjane, dereva wa teksi, na mdomo wake una kasi kuliko gari lake. Gari lenyewe limepita kilomita laki nne, na mlango mmoja haufunguki mpaka ubembelezwe. Lakini ndilo lililosomesha wanawe, na ndilo linalomlisha mpaka leo. Hana lingine.

Siku hiyo beseni la Fundi Sumaku lilikuwa limepasuka. Nyumba yake imepakana na gereji, ukuta kwa ukuta. Akaingia uani, akakuta beseni karibu na bomba, akamwaga maji yaliyokuwemo, akarudi nalo kazini.

Oili ikashuka. Sumaku ikaingia. Ilipotoka ilikuwa na ndevu.

"Vinyuzi vya chuma, vinang'aa, vimejikunja," anakumbuka. "Sijawahi kuona injini ikitoa vitu vya namna hiyo. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajiona bingwa, nimegundua ugonjwa mpya."

Akamketisha Bibi Gia juu ya tairi.

"Pole, mama. Injini imekwisha."

"Imekwisha vipi na asubuhi nimepanda nayo mlima?"

"Hata mgonjwa hupata nguvu kidogo kabla ya kuaga."

"Usiniletee maneno ya msibani, wewe! Nionyeshe hicho ulichokiona!"

Akaonyeshwa. Bibi Gia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa la kusema, akanyamaza.

Mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupata habari za injini iliyokufa kabla ya mwenyewe, akafika na lori mchana huohuo. Akataja bei ya kilo. Bibi Gia akaupapasa usukani, akachukua mwavuli wake kiti cha nyuma, akakubali kwa kichwa. Mnyororo ukafungwa.

Mara mke wa Fundi Sumaku akatokea uani, mkono mmoja kiunoni.

"Nani kachukua beseni langu la vyombo? Nasugua masufuria, naingia ndani mara moja, narudi beseni halipo! Tena nilikwambia ninunulie waya mwingine, huu unanyonyoka kama kuku mgonjwa!"

Watu wakacheka. Fundi Sumaku hakucheka. Alitazama waya wa kusugulia uliokuwa mkononi mwa mkewe, kisha akatazama ndevu za sumaku yake. Vinyuzi vilevile. Mikunjo ileile.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameyaunganisha hayo mawili. Lori lilikuwa linanguruma. Angekaa kimya, gari lingeondoka na jina lake lingebaki palepale.

"Nikamwona yule mama amekumbatia mwavuli," anasema. "Miguu ikaenda yenyewe."

Akajitupa juu ya boneti kifudifudi.

"Ondoa mnyororo! Gari halijafa!"

"Umelewa?" mnunuzi akauliza.

"Bora ningelewa!"

Akaifungua filta ya oili, inayonasa kila kinacholika ndani ya injini, jambo ambalo angelifanya mwanzoni kama mjomba angekuwepo nyuma ya kisogo chake. Akaikata kwa mkasi wa kukatia bati mbele ya wote, akaikunjua. Unga laini wa kijivu. Mvi tupu.

Kisha sauti ya Bibi Gia ikarudi, pamoja na malimbikizo yake.

"Yaani niuze gari kwa uchafu wa masufuria yenu? Mjane mimi, ulitaka nifiwe mara mbili?"

Mkewe naye hakumhurumia. "Na beseni langu umelitia oili!"

Tangu hapo gereji nzima inamwita Fundi Waya. Baadhi ya wateja walihama. Waliobaki ndio wanaoonyeshwa beseni kila asubuhi. Mkewe alinunuliwa jipya, na hulala nalo chumbani.

Bibi Gia aliahidiwa oili ya bure mpaka gari lifikishe kilomita laki tano. Hilo ndilo tumaini la Fundi Sumaku.

"Likifika nalipiga picha, nabandika ukutani. Nitaandika: hili ndilo nililolizika. Jina langu litarudi."

Tatizo ni kwamba tangu apewe ahadi hiyo, Bibi Gia hakubali tena abiria wa mbali.

Honi inalia. Anashuka Bibi Gia mwenyewe, beseni kwapani.

"Fundi Waya, tumia hili. Nimelisugua kwa sponji."

"Ahsante, mama. Umefikisha ngapi sasa?"

"Sijafika popote, mwanangu. Nani anakimbilia kumaliza kitu cha bure?"